Roshani ya Meli ya Mchwa

Hapo zamani za kale, wakati mbao zilipokuwa bado zinawaamini mchwa, wanyama walijengewa meli. Mafundi walikuwa mchwa wenyewe. Kazi yao ilikuwa safi sana, ila ilibidi Mhanga, mla mchwa, asimamishwe kando kutwa kucha akiwatazama, wasije wakaila kabla haijaisha.

Ilikuwa meli ndefu kama kijiji. Vyumba vyake vilikuwa vingi na hakuna hata kimoja chenye dirisha, maana mchwa hapendi jua na hakuona sababu ya mtu mwingine kulipenda. Lakini fundi mmoja alizidiwa na njaa, akautoboa ukuta. Alipoona aibu, akalifunika kosa lake kwa kujenga roshani. Ndiyo hiyo moja tu kwenye meli nzima: jukwaa la mbao lenye ukingo, lililoning'inia juu ya maji, na jua la asubuhi likiingia mpaka kitandani.

"Meli inakwenda wapi?" wanyama walimwuliza Kobe, aliyekuwa mshika funguo.

"Inazunguka ziwa siku saba, kisha inarudi hapa."

"Hapa tulipo?"

"Hapa hapa."

"Sasa si tubaki tu?"

Kobe alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kufikiri. "Mkibaki," akasema, "hamtapata kurudi."

Wanyama wakaona neno hilo lina uzito. Wakaenda kufunga mizigo.

Sasa, wanangu, kule juu kwenye majabali aliishi pimbi mmoja, jina lake Mashavu. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na damu yake ni mvivu. Usiku inalala pamoja naye, na asubuhi haiamki mpaka ianikwe.

Mashavu aliishi na bibi yake, Bi Sauda, ambaye damu yake ilikuwa imezeeka na kuzidi uvivu. Kila kukicha Mashavu alimbeba bibi, akamweka juu ya jiwe lenye jua, akasubiri mpaka bibi aseme, "Haya, naisikia inatembea." Siku za mvua bibi hakusema kitu, na Mashavu hakula kitu kwa hofu.

Habari za meli zilipofika majabalini, Bi Sauda akasema, "Mjukuu wangu, maji yale nimeyatazama kutoka huku juu tangu sijaota meno mpaka yamekwisha kung'oka. Nataka niyaone kwa karibu kabla sijafumba macho."

"Na jua lako, bibi?"

"Utalitafuta wewe. Wewe si ndiye mwenye meno?"

Basi siku ya safari Mashavu alifika gatini kabla ya kila mtu. Sheria ilikuwa moja: aliyetangulia huchagua. Akachagua chumba chenye roshani. Kobe akampa ufunguo, na Mashavu akashuka mbio kumchukua bibi.

Huku nyuma akaja Bwana Tembo. Hakuwa na ufunguo wala hakuuona mlango kuwa jambo la kumzuia. Kwaraa! Akaingia pamoja na fremu yake. Akaenda mpaka roshanini, akatazama maji, akashusha pumzi, akaketi. Meli yote ikasema, "Nyiii."

Mashavu aliporudi na bibi mgongoni, alikuta chumba kimejaa.

"Kobe," akasema, "ufunguo huu hapa."

"Nauona, mwanangu. Ufunguo unao wewe, chumba anacho yeye. Sheria nimeisahau inasemaje, lakini uzito nausikia unavyosema." Akamtolea ufunguo mwingine. "Kipo kimoja chini kabisa. Kimetulia."

Chumba cha chini kilikuwa kimetulia kweli. Kilikuwa cheusi, na sakafu yake baridi kama tumbo la chura. Kulipokucha Mashavu alimwamkia bibi yake, na bibi akajibu taratibu, kama mtu anayeongea kutoka kisimani.

"Damu inatembea, bibi?"

"Imekaa chini, mjukuu wangu. Inauliza kama tumeshafika."

Mashavu akapanda ngazi zote bila kupumzika, akapiga hodi mahali palipokuwa na mlango.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba jua. Si lote. Kipande tu cha asubuhi, bibi yangu aje aketi pembeni, halafu nitamrudisha."

Msidhani Tembo alikuwa mbaya, wanangu. Alikuwa amechoka. Kwao aliishi na shangazi kumi na wawili, na hakuna shangazi wa tembo anayenong'ona. Safari hii aliitaka kwa ajili ya kimya tu.

"Nikimkaribisha bibi yako," akasema, "kesho atakuja na jirani yake. Hapana, mwanangu. Hapa si barazani, kila apitaye aketi. Hii ni roshani."

Mashavu akainamisha kichwa. Alikuwa karibu kulia, lakini neno lile likamkaa sikioni.

"Nielimishe, Bwana Tembo. Baraza na roshani vina tofauti gani?"

"Baraza iko mbele ya nyumba. Roshani iko popote pengine."

"Na mbele ya meli ni wapi?"

"Ni kule inakokwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Inazunguka."

"Sasa kitu kinachozunguka, mbele yake ni upande gani?"

Tembo akaanza kuhesabu kwa mkonga: huku, huku, halafu huku. Mashavu akamwacha hapo na hesabu yake, akaaga kwa adabu, akashuka.

Kwenye ujia alimkuta Ngiri amekaa juu ya sanduku lake, ana ubao wa bao na hana wa kucheza naye.

"Mjomba Ngiri, mbona umejikunyata gizani na baraza iko wazi huko juu?"

"Baraza? Ya nani?"

"Kuna mwenye kiti cha mbele, anatazama maji, na gunia la kahawa liko miguuni pake. Wewe ungemwitaje?"

"Ningemwita mwenye baraza," akasema Ngiri, akabeba ubao.

Na kweli gunia lilikuwepo. Tembo alikuwa ameleta kahawa yake ya siku saba.

Ngiri akawaambia Kanga. Wanangu, ukishamwambia kanga, umemaliza kazi.

Tembo alikuwa bado anatafuta mbele ya meli aliposikia, "Salaam aleikum, barazani."

Sasa lazima niwaambie jambo moja. Marehemu mama yake Tembo alimlea kwa maneno machache na mkonga mrefu. Alimfundisha kwamba mtu akitoa salamu barazani kwako, husemi "nani wewe" wala "kuna nini." Unasema neno moja. Neno hilo likamtoka Tembo kabla hajalizuia.

"Karibu."

Ngiri akaketi, akatandika bao. Wakaja Kanga saba, wote wakiongea na hakuna anayesikiliza. Akaja Korongo, akaligundua gunia, akachemsha kahawa, akaanza kupitisha vikombe, keng'e, keng'e, keng'e. Akaja Kima kinyozi na mteja wake Nungunungu. Kila mkasi ulipolia, mwiba mmoja uliruka ukamchoma Tembo sikio.

"Samahani, mwenye baraza," akasema Kima.

"Bila samahani," akasema Tembo. Macho yake yalikuwa mekundu.

Kisha akaja Digidigi na mashtaka.

"Namshtaki Twiga. Kila nikimsalimu ananitazama kutoka juu."

"Ni shingo, ndugu zangu," akasema Twiga, aliyekuwa ameingiza kichwa tu. "Si dharau."

"Basi iname."

"Nikiinama naona kizunguzungu."

Wote wakamgeukia Tembo. Kwao, kama kwetu, anayemiliki baraza ndiye mwamuzi.

Tembo akatoa hukumu: Digidigi apande juu ya kitu. Digidigi akatazama huku na huku, akachagua kupanda juu ya Tembo.

Kufikia adhuhuri hakukuwa na mnyama aliyebaki upande wa pili wa meli. Meli ikaanza kulalia upande. Nyiii. Mizigo ikateremka peke yake. Kobe akapita mbele ya chumba akiwa chali, anateleza polepole na funguo zake shingoni.

"Samahani," akasema, "napita tu."

"Karibu kahawa," akasema Tembo. Hakuweza kujizuia.

Bado wakaja na kesho yake, tena mapema zaidi, maana bao la Ngiri lilikuwa halijaisha na Twiga alikuwa amekata rufaa. Muda wote huo Bi Sauda alilala chini kwenye baridi, na Mashavu alimsugua miguu, akimwahidi jua. Bibi alikuwa haulizi tena habari za maji. Hapo ndipo Mashavu alipoogopa kweli, kwa kuwa hila ni kitu kizuri, ila haina haraka ya mgonjwa.

Siku ya tatu, mlango wa chini ukagongwa. Ulikuwa ni mkonga.

"Mwanangu Mashavu," sauti ya Tembo ikanong'ona kutoka ngazini. "Hicho chumba chenu kina dirisha?"

"Hakina, Bwana Tembo."

"Watu wanakijua?"

"Hata mimi kinanipotea."

"Kuna mahali pa wageni kuketi?"

"Hakuna pa kuketi hata wenyewe."

Tembo alikuwa anafuta machozi.

"Tubadilishane."

Mashavu akatikisa kichwa. "Siwezi. Mtu mkubwa kama wewe alale chini ya ngazi? Hadhi yako itakuwa wapi?"

"Hadhi yangu ameikalia Digidigi. Nakuomba, mwanangu. Nakuomba kwa jina la shangazi zangu wote, na ujue sijawahi kuwaombea kitu."

"Basi kwa kuwa umeniomba," akasema Mashavu, na tayari alikuwa ameshambeba bibi.

Kumwingiza Tembo chumbani ilikuwa kazi. Ngiri alisukuma, Twiga akavuta kwa meno, Kanga wakatoa maoni. Pwaa! Akaingia. Uzito wake ulipotua chini kabisa, katikati, meli ikanyanyuka, ikasimama wima kama mtu aliyekumbuka adabu. Kobe, aliyekuwa ukutani, akateleza kurudi mahali pake.

"Sasa ufunguo na chumba vimekutana," akasema.

Mashavu alimweka Bi Sauda roshanini, juani, tumbo likielekea maji. Akasubiri. Jua likapanda. Bibi hakusema kitu. Mashavu akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu," bibi akasema mwishowe, "yana mawimbi. Kutoka juu hayaonekani."

"Na damu, bibi?"

"Nyamaza niisikilize." Akaisikiliza. "Haya. Inatembea. Naona hata inachechemea kidogo, lakini inatembea."

Mashavu akala kwa mara ya kwanza tangu waondoke gatini. Kisha akachukua shuka, akaanza kuifunga mahali palipokuwa na mlango.

"Unafanya nini?"

"Nafunga, bibi. Baraza ilikuwa ya Tembo. Sasa hii ni roshani."

"Salaam aleikum, barazani," akasema Ngiri nyuma ya shuka.

Mashavu akamwekea bibi kidole mdomoni. Bi Sauda akakiondoa.

"Nani aliyekufundisha kumnyamazia mtu anayesalimu? Karibu, mwanangu. Karibuni nyote. Huyo mjukuu wangu atawapikia kahawa."

Wakaingia. Ngiri, Kanga saba, Korongo, Kima na Nungunungu, Digidigi na rufaa ya Twiga. Chumba kilichomtosha Tembo mmoja kikawatosha wote, na bibi akawa katikati, anacheka, anahukumu, anawasimulia habari za majabali. Aliyekosa nafasi ni Mashavu. Siku zote zilizobaki alichemsha, akamimina, akaosha vikombe, akachemsha tena, na jua lake lilikuwa lile lililomfikia puani akiwa amesimama kizingitini.

Siku ya mwisho, gati lilipoanza kuonekana, mkonga mrefu ulipanda ngazi peke yake. Ukapinda kona, ukapapasa ukuta, ukafika mlangoni umeshika kikombe kitupu.

"Hodi barazani," ikasema sauti kutoka chini kabisa ya meli.

Mashavu akamimina. "Kumbe unapenda baraza, Bwana Tembo."

"Sana. Wageni ni watamu wakiwa wa mwenzio."

Mkonga ukaondoka na kikombe, kisha ukasita.

"Mwanangu, bado ninatafuta mbele ya meli ni wapi. Umeshaijua?"

Mashavu akatazama chumba: vikombe vichafu, miiba sakafuni, na bibi yake katikati ya jua akigombana na Ngiri juu ya kete moja ya bao.

"Ni hapa hapa, Bwana Tembo," akasema, akaifunga vizuri kiunoni ile shuka ya mlangoni, akarudi kuchemsha maji.

Ukiwaita wageni mlangoni kwa mwenzio, acha na kahawa kidogo jikoni kwako.

Nasi tumezunguka tukarudi tulipoanzia, wanangu, na meli yangu imefunga gati. Shukeni polepole, msimkanyage Kobe.