Korongo Mwenye Kivuli Kimoja

"Paukwa!"

"Pakawa."

Mbona mnaitikia kama mmebishiwa hodi na mtoza kodi? Paukwa!

"Pakaaawa!"

Haya, sasa hata moto umesikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na Korongo aliyebakiwa na yai moja tu. Mengine yote yaliharibika kwa kiangazi. Basi akalifunga lile moja kifuani, akapaa, akaupita mwezi, akazipita nyota, akitafuta mahali pa kuangulia.

Akafika nchi ya kwanza, iliyo mbali na jua lake. "Hodi! Maji ya hapa yakoje?"

"Maji ya hapa ni jiwe," ukajibu upepo. Akaruka.

Akafika nchi ya pili, iliyokumbatiana na jua lake. "Hodi! Maji ya hapa yakoje?"

"Maji ya hapa ni mvuke," ukajibu mchanga. Akaruka.

Nchi ya tatu ilikuwa na majua mawili, moja kubwa la manjano, jingine dogo jekundu, yakizungukana kama watoto wanaofukuzana. "Hodi! Maji ya hapa yakoje?"

"Ni maji," akasema Chura, bila kuacha kuoga. "Ulitaka yawe nini, shangazi?"

Korongo akatua. Ndani ya yai kukagongwa: ko, ko, ko.

Lakini penye maji hapakosi ofisi. Akaja Kobe, Karani wa Wakazi. Desturi ya huko ilikuwa kukagua vivuli: mwenye viwili ni mwenyeji, mwenye kimoja afukuzwe. Kwa kuwa majua yalikuwa mawili, hakuna aliyewahi kufukuzwa, na ofisi ilijisifu sana kwa hilo.

Sasa, saa ile ile jua dogo lilikuwa limeingia nyuma ya jua kubwa, jambo ambalo hata Kobe, pamoja na umri wake, hakuwahi kuliona.

"Kivuli kimoja," akasema Kobe. "Bi Korongo, ondoka."

"Yai linapasuka, Bwana Karani! Nikiruka sasa, mwanangu atakufa."

"Pole sana. Sheria haikutaja mayai."

Korongo akainamisha shingo. Hakuwa mjanja, alishangaa tu. "Na cha kwako cha pili kiko wapi?"

Kobe akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama nyuma, na hilo lilimchukua muda. "Lo!" Akamgeukia Kifaru, mkuu wa nchi. "Mheshimiwa, sote ni wageni. Tuondoke."

"Si tusubiri kidogo, Kobe?"

"Sheria haikutaja kusubiri."

Basi nchi nzima ikahama, Kobe akitangulia, kwa hiyo haikuwa safari ya haraka. "Hata sijajisuuza!" akalia Chura. Wakavuka mpaka. Korongo akabaki, maana wa kumfukuza hakuwepo tena.

Yai likapasuka. Jua dogo likachungulia upande wa pili. Kifaranga akasimama, akayumba, na miguuni pake vikalala vivuli viwili.

Kule mpakani Kifaru akafoka, "Vivuli vimerudi! Twendeni nyumbani!"

"Aliyetoka haingii mpaka akaribishwe na mwenyeji," akasema Kobe.

"Mwenyeji gani? Si tuko wote huku nje?"

Kobe akanyoosha shingo, akamwona kifaranga. Akahesabu vivuli vyake: viwili.

"Hodi!" wakaita. "Hodi! Hodi!"

"Karibuni," akasema kifaranga. "Ila kwanza nielezeni, wazee wangu: lile jua dogo lilikwenda wapi?"

Hakuna aliyejua. Wakaketi kando ya maji, mkuu na karani, Chura na Korongo, wakainua nyuso. Ofisi haikufunguliwa siku ile. Karani alikuwa anatazama juu.

Na hadithi yangu imekunja mbawa hapo.