Kinyonga na Vitu vya Kuazima

Mmeanza tena. Mtu hajakaa sawasawa, ungo bado uko mapajani, mchele wenyewe mawe matupu kama ulivunwa barabarani, nanyi mnataka hadithi. Kwani mimi redio? Redio yenyewe hutiwa betri. Mimi tangu asubuhi nimetiwa nini? Chai ya rangi, na sukari mkaifanyia choyo.

Na leo nimeudhika. Huyu Kidawa, mjukuu wangu huyu anayejifanya hanisikii, tangu kumekucha yuko mbele ya kioo. Pua yangu pana, bibi. Miguu yangu myembamba, bibi. Mbona Mwanamvua ana shingo ndefu, bibi. Nikamwambia pua hiyo ni ya babu yako, na babu yako aliivutia ugoro maisha yake yote, haikumwangusha hata siku moja. Akanuna. Haya, kwa sababu ya kununa kwake nitawapa moja tu, na atakayesinzia atachambua mchele huu peke yake.

Nikisema "Hadithi inapita," nyinyi semeni "Ipite hapa tulipo."

Hadithi inapita.

Ipite hapa tulipo.

Mbona sauti za wagonjwa? Hadithi inapita.

Ipite hapa tulipo.

Hapo kale, kale hasa, mama yangu hajazaliwa, na mama yangu ninyi hamkumwona, alikuwa mzee tangu utotoni, hapo kale palikuwa na bonde. Na katika bonde hilo waliishi majirani watatu.

Wa kwanza alikuwa Bi Kanga, mjane, mwenye vifaranga tele. Bi Kanga alikuwa na sauti mbaya. Sikilizeni, sisemi mbaya kidogo. Ilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Na sauti ile ilijua neno moja tu, nalo ni "Chui!" Akimwona Chui, anaipiga. Akiliona jani limekaa kama sikio la Chui, anaipiga. Basi vifaranga wanakimbia, bonde zima linakimbia, na Chui anarudi kwake na njaa yake.

Wa pili alikuwa Mzee Ngiri. Meno yake yalitoka nje ya mdomo yakapinda juu, huku moja na huku moja, kama mtu anayekula kwa vijiko viwili. Kwa meno hayo alichimba mchanga wa mto uliokauka, maji yakatoka, bonde zima likanywa.

Wa tatu alikuwa Nungunungu, bachela, maneno machache. Mwili wake miiba mitupu. Alilala katikati ya njia inayoingia bondeni, na Chui akipita hapo anatoka akichechemea.

Watu hao waliishi hivyo, kila mmoja na lake, na hakuna aliyemsifu mwenzake, kwa sababu nani ana nafasi?

Ndipo akahamia Bibi Kinyonga.

Kinyonga hakuwa na shida yoyote. Alikuwa na nyumba yake, alikuwa na chakula chake, alikuwa na afya yake. Tatizo lake lilikuwa moja, akipita njiani hakuna aliyegeuza shingo. Na mbele kidogo, ng'ambo ya kilima, Mama Swala alikuwa anamwoza bintiye. Kinyonga alikuwa amealikwa. Akasema moyoni, safari hii watanitazama mimi, na bi harusi atafute wa kumtazama.

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi yake, kama yetu. Mwenye kwenda harusini akija kuazima, hanyimwi. Ukimnyima utasemwa mpaka ufe. Kinyonga akaijua desturi hiyo, akaifanya mtego.

Akaenda kwanza kwa Bi Kanga. Akakuta anatifua mchanga na wanawe. Akaketi, akaguna, akaguna tena, mpaka Bi Kanga akamuuliza ana nini.

"Mimi si msemaji, shoga," akasema Kinyonga, "lakini watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba sauti yako inawatia watoto homa."

Bi Kanga akalia. Hakujua kama sauti yake inatia homa. Kinyonga akamfariji, akamwambia amwazime hiyo sauti aende nayo harusini, maana sauti ikikaa kidogo na watu wa maana hulainika. Bi Kanga akaitoa mwenyewe, akaifunga katika jani, akampa. Na ahsante akasema, yule mpumbavu, akasema kimoyomoyo, maana sauti hana.

Kinyonga mbio mbio mpaka kwa Mzee Ngiri. Akaketi, akaguna, akaguna tena.

"Mimi si msemaji, mzee wangu, lakini watu wanasema."

Ngiri akauliza watu gani. Kinyonga akajibu, watu. Ngiri akauliza watu ni nani. Kinyonga akajibu, si watu tu. Na nyinyi mnacheka, kumbe mkiambiwa hivyo hamlali. Ngiri naye alishikwa. Akaambiwa kwamba watu wanasema akitokea, maziwa ya kina mama yanaganda. Akauliza afanyeje. Akaambiwa amwazime hayo meno, yaende harusini, yakirudi yatakuwa yamenyooka. Akayang'oa, akayapangusa vizuri kwa majani, akampa.

Kinyonga mbio mbio mpaka kwa Nungunungu. Akaketi mbali kidogo. Akaguna, akaguna tena.

Nungunungu akasema, "Kama una choo, kichaka kile pale."

Kinyonga hakujali. Akamwambia watu wanasema ndiyo maana hajaoa, nani atakumbatia ufagio? Hapo Nungunungu naye alishikwa, kwa sababu jambo hilo alikuwa analiwaza. Akaanza kujinyofoa miiba, mmoja mmoja, mpaka akabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Akajifunika jani la mgomba, akaingia ndani kwa aibu.

Kinyonga akaenda nyumbani kujipamba. Sauti yake mwenyewe akaifunika katika chungu, akavaa ya Bi Kanga. Meno ya Ngiri akayachomeka mdomoni. Miiba ya Nungunungu akaipanga kichwani kama msuko. Mdudu mwenyewe mnamjua ukubwa wake. Kichwa kikalemea mbele, akawa anatembea mkia juu na mdomo chini, analima njia nzima kwenda harusini.

Huku bondeni, jua halijapanda sana, Chui akaja.

Akashangaa njia haina miiba. Akaingia. Akashangaa hakuna kelele. Akazidi kuingia. Bi Kanga akamwona. Akafungua mdomo ili aseme neno lake lile moja, na haukutoka hata upepo. Akafungua tena, kimya. Vifaranga wanaendelea kuchezea mchanga, na Chui anakuja anajilamba.

Bi Kanga akakimbia kwa Ngiri, anapiga mabawa tu kama mwenda wazimu. Ngiri akamtazama, akawatazama wale watoto, akaelewa. Akawasukumia vifaranga wote shimoni mwake kwa pua, na mama yao, kisha akaingia kinyumenyume, akaziba mlango kwa uso wake. Nungunungu naye akatoka ndani akaja kusimama mbele ya shimo, uchi kama alivyokuwa, kajani mkononi. Hana mwiba hata mmoja, na Chui huyo hapo.

Chui akasimama. Akautazama uso ule usio na meno, umekunjamana kama kiatu kilicholowa. Akamtazama yule mwingine, mwekundu, vipele vitupu. Maisha yake yote hakuwahi kuona vitu kama hivyo. Akauliza, kwa adabu, wao ni nani.

Nungunungu akalitupa lile jani la mgomba. Akajigeuza mbele, akajigeuza nyuma, aonekane vizuri.

"Sisi ni wagonjwa," akasema. "Karibu. Sogea tukupe mkono."

Chui akarudi hatua. "Ugonjwa gani?"

"Wa kujitazama. Unaanza na pua, halafu manyoya yanadondoka. Mwenzangu huyu jana alikuwa mzuri kuliko wewe. Ulisema madoa yako yanalingana pande zote?"

Chui akageuka kuangalia madoa ya mgongoni. Kweli, hayakulingana. Akapiga ukelele, akatimua mbio, huyo, anapanda kilima, anajikagua mbavu huku anakimbia.

Walicheka hao. Ngiri alicheka mpaka akakwama shimoni, ikabidi avutwe. Bi Kanga alicheka bila sauti, anatikisika tu kama mtungi juu ya kichwa cha mlevi.

Walipotulia, Nungunungu akasema yeye kwa kweli alikuwa akilala usingizi kwa sababu ya sauti ya Bi Kanga. Akijua ipo, anafumba macho yote mawili. Bi Kanga akashangaa, akamwonyesha kwa bawa, akajigusa paji kama mwenye homa, yaani kwani si wewe uliyesema inatia homa? Nungunungu akaapa si yeye. Ngiri naye akauliza, na je, maziwa yanaganda, alisema nani? Bi Kanga akatikisa kichwa, si yeye. Na habari ya ufagio, akauliza Nungunungu? Ngiri akasema yeye miiba ile huwa anaitamani, basi tu. Wakatazamana. Bondeni watu ni wao watatu. Kama si huyu, si huyu, na si huyu, basi "watu" walikuwa Kinyonga peke yake na mdomo wake.

"Mbona hukuniambia kwamba unaitamani?" akauliza Nungunungu.

"Hukuuliza," akasema Ngiri. "Tena tangu lini mtu akamsifu jirani yake mzima? Si tunangoja matanga?"

Wakiwa katika hayo, wakasikia kutoka ng'ambo ya kilima sauti kama bati linaloburutwa juu ya mawe. "Chui! Chui!" Bi Kanga akaruka. Ni yake.

Kumbe kule harusini mambo yameiva. Kinyonga amefika, watu wamegeuza shingo kweli, kama alivyotaka. Akainuka kucheza, miiba ikamchoma shavuni. Akainama kumpongeza bi harusi, meno yakanasa kwenye ukili wa mkeka. Akafungua mdomo aseme hongera, na sauti ile inajua neno moja tu. "Chui!" Akajaribu kuwatuliza watu. "Chui! Chui!" Akajaribu kuomba radhi. "Chui! Chui! Chui!"

Sufuria la wali likapinduka. Bwana harusi akapita juu ya mkwewe. Bi harusi akajificha katika pipa la juisi akatoka na ukwaju mpaka masikioni. Na Chui mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anapanda kilima na ugonjwa wake. Akaliona kundi linamjia, akadhani ni wagonjwa wengine, akageuza njia. Mpaka leo sijui aliishia wapi.

Wageni wote wakashukia bondeni, na nyuma yao, mkia juu na mdomo chini, anakuja Kinyonga, anajikwaa. Mama Swala, mama wa bi harusi, akamshika ngozi ya shingo. Akanyang'anywa meno, akanyang'anywa miiba, akanyang'anywa sauti. Kila mtu akavaa chake pale pale. Bi Kanga akajaribu neno lake, wageni wakakimbia tena, ikabidi waitwe upya.

Kinyonga akawa anajiondokea polepole. Nungunungu akamzuia, akamuuliza swali dogo, sahani ya jirani inarudishwaje?

Na hilo nyinyi mnalijua. Sahani ya jirani hairudi tupu. Unatia maandazi, ukikosa unatia kunde, ukikosa kabisa unatia hata chumvi. Kinyonga hakuweza kujibu, sauti yake bado iko chunguni. Akafungua mikono, kwamba hana kitu.

Mama Swala akamtazama juu mpaka chini, akasema anavyo.

Ngiri akapewa mbio za Kinyonga, zile mbio mbio za nyumba hadi nyumba. Ndiyo maana Ngiri akikimbia leo anasimamisha mkia kwa furaha.

Nungunungu akatumwa akachukue chungu. Akaimimina sauti yote kwenye miiba yake, ndiyo ile kachakacha mnayoisikia akikasirika. Tangu hapo Kinyonga anafungua mdomo, hakitoki kitu. Hana wa kumwambia kwamba watu wanasema.

Basi niseme funzo lake, maana mtanisumbua mpaka niliseme. Kidawa, wewe hasa. Kibaya chako wewe ndicho usingizi wa mwenzako. Kabla hujakitupa, uliza ni nani anayekitumia. Akikwambia mtu kwamba watu wanasema, mwambie awahesabu. Na ukiona zuri la jirani yako, mwambie leo hii, kabla hajafa, haligharimu kitu. Mimi nakwambia, mchele uliouchambua jana ulikuwa mzuri. Usilie, nimesema tu.

Ah, mnamuulizia Bi Kanga. Bi Kanga alidai mwisho, kwa kuwa ndiye aliyekaribia kupoteza watoto. Hakutaka mbio, hakutaka sauti. Alitaka rangi. Kinyonga zama hizo alikuwa na rangi yake mwenyewe, buluu ya kung'aa, utosini mpaka shingoni. Alipiga magoti, akalia machozi, akashika miguu ya Bi Kanga. Bi Kanga akaivua yote akaivaa yeye, mtazameni kichwa chake. Kinyonga akabaki hana hata ya kuzaliwa nayo. Akipanda jani, anaazima ya jani. Akishuka chini, anaazima ya udongo. Na kila anapotaka kutia mguu, mnamwona, anaupeleka, anaurudisha, anaupeleka, anaurudisha, anapiga hodi kwanza, maana si kila mahali wanamkopesha tena.

Hadithi imepita, nami nimeiacha ipite. Aliyeidaka aende nayo, aliyeikosa aje achambue mchele.