Zamu ya Marehemu Lusajo

"Ukimwachia marehemu funguo, usimlaumu akifunga mlango." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, sasa mnataka asili yake. Methali hii ilianza hivi, na mbishi akaulize mabomba.

Katika ofisi yetu ya maji, koki kubwa za mji mzima zilifunguliwa na kufungwa na kompyuta. Programu yake aliiandika Lusajo, kwa lugha ya kompyuta aliyoijua yeye peke yake. Akafa. Programu ikaendelea na kazi. Kila asubuhi tuliiamkia, "Shikamoo, mzee," kisha tukaketi, tusiguse kitu.

Ndipo akaja Nyamizi, fundi mpya. Akaiandika kazi ile upya kwa lugha nyingine, nyepesi kusomeka, akatusihi tuhamie huko.

"Binti, una wiki ngapi hapa?" akauliza Mzee Mbonea, mkuu wetu. "Ya Lusajo haijakosea hata siku moja."

"Ikikosea, mzee wangu, nani ataisoma?"

"Mwenyewe!" tukadakia, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, skrini ikajiandika: LUSAJO HAJAINGIA MIAKA MIWILI. NAFUNGA.

Ndani ya mabomba ikasikika ko... ko... ko... kama mtu mwenye bakora anapanda mlima bila haraka. Kila ko moja, mtaa mmoja ukakauka. Mbonea alibonyeza kila kitufe; skrini ikadai neno la siri, nalo lilikwenda kaburini na mwenyewe. Simu ikalia. Hospitali: mama yuko kwenye upasuaji wa kujifungua, maji yanakatika.

"Chomoa waya wake, mzee, nichomeke wangu," Nyamizi akasema.

"Nimfukuze Lusajo kwa kitu nisichokijua?"

"Basi kisome." Akamgeuzia skrini ya kompyuta yake.

Mbonea akavaa miwani, kidole kikifuata mistari. "Tenki... likiwa na maji... fungua hospitali kwanza." Akainua kichwa. "Ala! Mbona naelewa?"

Akauchomoa waya; Nyamizi akachomeka wake. Kimya. Kisha, skrini ya Lusajo ikiwa nyeusi tii, ko zikaanza tena, safari hii zikishuka mtaa kwa mtaa, maji yakizifuata nyuma, hadi kwenye geti la ofisi. Hapo zikakoma. Mlinzi aliapa kwamba geti lilifunguka lenyewe.

Hospitali wakapiga tena: maji yapo, mama na mtoto wazima.

Hakuna aliyeshangilia. Mbonea alikuwa bado ameshika ule waya.

"Tumemweka zamu miaka miwili, maskini," akanong'ona. "Ukimwachia marehemu funguo, usimlaumu akifunga mlango."