Maji ya Miwa ya Bi Mize

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kijiji kimoja cha wakulima wa miwa aliishi imamu mcha Mungu, Maalim Shaame, pamoja na mkewe, Bi Mize binti Vuai. Walikuwa wamezeeka pamoja. Maalim alibakiwa na meno manne, na kwa kuwa hakuweza tena kutafuna muwa, Bi Mize alizoea kumtwangia kinuni, akaukamua kwa kifumbu cha kuchujia, akatia tangawizi na ndimu, akampa anywe. Hakuna kinywaji alichokipenda Maalim kuliko hicho.

Ilikuwa ada ya kijiji kile kwamba katika mwezi mtukufu wa Ramadhani kila nyumba ina siku yake ya kupeleka kinywaji cha kufuturia msikitini. Mwaka huo zamu ya nyumba ya imamu iliangukia siku ya joto kali. Wanawake wengine walikuwa wakitwanga miwa yao baada ya Alasiri, ili maji yafike msikitini yangali mabichi. Bi Mize aliogopa kushika mchi hali amefunga, maana mikono yake haikuwa tena ile ya ujana. Basi akatwanga mara baada ya daku, akajaza mtungi mkubwa, akauziba kwa jani la mgomba, akashukuru kwamba kazi imekwisha.

Baada ya Alasiri akaufunua. Povu lilikuwa limepanda hadi shingoni mwa mtungi, na harufu iliyomjia haikuwa ya miwa. Maji yalikuwa yamechacha, yameanza kuwa tembo la kulevya. Hakuweza kuonja kwa kuwa amefunga, lakini pua yake haikuwa na shaka.

Masikini Bi Mize! Ijumaa iliyopita tu mumewe alipanda mimbari akawakemea vikali wanaoacha vinywaji vyao vikachacha, kisha wakajidai hawajui. Akisema ukweli, watu watanena kwamba tembo limepatikana nyumbani kwa imamu. Akinyamaza, wa kwanza kulinywa atakuwa mumewe, tena kwa kufuturia saumu yake. Tangawizi ilikuwa imeshapondwa na ndimu zimeshakatwa. Nafsi ikamwambia atie kwa wingi, harufu itafichika, na hakuna atakayejua.

Wakati huo Maalim akachungulia mlangoni, uso umechangamka.

"Binti Vuai, nimewaambia watu waje na vikombe vikubwa. Meno yangu manne hayajasahau."

"Tangulia Maalim, nitakuja," akajibu, asimtazame.

Mumewe alipoondoka, bibi yule akalia. Kisha akauburura mtungi kwa taabu hadi nyuma ya nyumba, akamwaga yote chini ya migomba. Akausuuza mara tatu, akaujaza maji ya kisima, akaomba jirani amsaidie kuubeba.

Jua lilipokaribia kuzama alisimama penye ua wa msikiti, mtungi u miguuni pake. "Wazee wangu, niwieni radhi," akasema. "Nilitwanga miwa mapema mno kwa kuogopa kazi, maji yakachacha. Nimeyamwaga. Nimewaletea maji ya kisima."

Mzee Faki, mkulima mwenye ulimi mkali, akacheka. "Kumbe Ijumaa ile Maalim alikuwa akiihubiria nyumba yake."

Wengine wakacheka pia. Bi Mize akainamisha kichwa, na aibu ikamchoma, zaidi kwa ajili ya mumewe kuliko yake mwenyewe. Adhana ikatolewa. Maalim akala tende, akachota maji kwa kata, akaomba dua, akanywa taratibu mpaka yakaisha. Ndipo akasema.

"Umesema kweli, Mzee Faki. Niliwahubiria watu wote, na aliyenisikia ni mmoja. Namshukuru Mola kwamba yumo nyumbani mwangu."

Hakuna aliyecheka tena. Siku ya pili, baada ya Alasiri, Mzee Faki, aliyekuwa na zamu ya siku hiyo, alipiga hodi kwa Bi Mize na mzigo wa miwa begani. "Shemeji, wewe kaa. Mchi nitaushika mimi," akasema, akatwanga mpaka jasho likamtoka. Na maji yakafika msikitini mabichi.

Yasemekana miaka mingi baadaye, Maalim akiwa hana hata jino moja, Bi Mize alimuuliza kwa utani ni maji gani ya miwa, katika yote aliyomkamulia, yaliyokuwa matamu kupita mengine. Mzee wala hakufikiri.

"Yale uliyoyamwaga," akasema.

Ndugu zangu, wengi wetu tunadhani kumpenda mtu ni kumfichia aibu. Bi Mize alimpenda mumewe kwa kumletea maji matupu. Mola atujaalie ujasiri wa kumwaga kilichoharibika, na atujaalie mwenza atakayeyanywa maji hayo matupu na kutushukuru.