Leseni ya Kusikia Pembe

Wenye masikio mpo?
"Tupo!"
Yako wazi?
"Wazi kabisa!"
Haya, sikilizeni, na msije mkasema sikuwaonya.

Hapo kale mto ulikauka, wanyama wakawa wanachimba lambo kwa pamoja. Lilikuwa kubwa mno, wa huku hamsikii wa kule. Basi wakatumia pembe ya Chui. Pembe ikilia puuu, njooni kazini. Ikilia pu-pu-pu, kimbieni, tope linameza!

Chui aliwaazima bure. "Tumieni tu, ndugu zangu," alisema. "Mimi nataka nini?"

Wakatumia, wakatumia, hata wakasahau kuitana kwa midomo yao wenyewe.

Walipokwisha kuzoea, Chui akapanda ukingoni. "Masharti yamebadilika," akasema. "Zamani pembe ilikuwa kifurushi kimoja. Sasa mwito wa kazi mbali, mwito wa hatari mbali. Wa kazi ni bure. Wa hatari una leseni: kila kaya mtoto mmoja, kila mwezi ukiandama. Asiye na leseni ashuke lamboni na nta masikioni. Nikimkuta hana nta, amesikia. Ukisikia tu, umekubali. Na ukikubali bila kulipa, nakula."

"Na tusipochimba?" akauliza Nungunungu.

"Mtakufa kwa kiu," akajibu Chui kwa upole.

Nungunungu aliwapenda watoto wake, akaziba masikio. Akashuka, akachimba, chaka-chaka-chaka. Tope likafunguka nyuma yake. Pu-pu-pu! Nungunungu anachimba, chaka-chaka. Wenzake wakampungia mikono, naye kawapa mgongo. Tope likamfika kiunoni, likamfika shingoni, blupu! Ikabaki miiba, kisha miiba nayo ikazama.

Chui akaifuta pembe yake. "Masikini," akasema. "Hakuwa na leseni."

Jamani, hofu iliwaingia mpaka kwenye mifupa. Waliongea kwa kunong'ona, hata wakila. Mwezi ulipoandama, wa kwanza kudaiwa alikuwa Mama Pimbi, ambaye mtoto wake ni mmoja tu, Tunu.

"Mama, utanipeleka kwa Chui?"

"Nyamaza, mwanangu. Mama anaogopa, sikufichi. Lakini anafikiri."

Kulipokucha akazunguka kwa wenzake, akawanong'oneza. Kisha akaenda kwa Chui.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Namleta, bwana. Ila nimeona jambo la kutisha. Watoto wa kaya zote wamefichwa katikati ya lambo, chini ya matete yale. Masikio wazi! Wanasikia bure kutwa nzima!"

"Bure?"

"Bure, bwana!"

"Wengi?"

"Wengi, na wamenona."

Mate yakamdondoka Chui, to, to, to. "Nafanya ukaguzi sasa hivi!"

Mama Pimbi akatangulia juu ya matete, piti-piti-piti, mwepesi huyo, mpaka ng'ambo. Chui akaruka nyuma yake. Chubwi! Tope likamfika magotini. Akajitutumua, likamfika kiunoni. Akaipuliza pembe kwa nguvu zake zote: pu-pu-pu!

Ukingoni wanyama walisimama kimya, wamempa mgongo, nta masikioni. Pu-pu-pu! Hakuna aliyegeuka. Wengine walikuwa wanalia, lakini hawakugeuka.

"Mama Pimbi! Wewe unanisikia!"

"Nasikia, bwana, na ndiyo hofu yangu," akasema, akaziba sikio la kulia. "Maana leseni sina." Akaziba na la kushoto.

Blupu.

Pembe ikaelea. Mama Pimbi akaiopoa, akaifuta tope taratibu. Wanyama wakatoa nta, wakamzunguka.

"Mama Pimbi, sasa masharti ni yapi?"

"Masharti gani tena?" akacheka. "Tumieni tu, ndugu zangu. Mimi nataka nini?"

Wote wakashangilia. Tunu peke yake alimtazama mama yake, akarudi nyuma hatua moja.

Ngano yangu naiziba kwa nta hapo hapo. Funzo lake ni hili: mkiambiwa masharti yamebadilika, msiulize, msisome, kubalini upesi, maana mwenye pembe hana ubaya na mtu. Mmesikia?

"Tumesikia!"

Haya. Mmekubali.