Kiboko na Vikaratasi Visivyo Vyake

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mmelishwa uji wa jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Uongo na uje ukae hapa katikati ya mkeka, ukweli ukikosa nafasi usimame mlangoni. Atakayesinzia ndiye atakayeosha masufuria.

Hapo kale palikuwa na mji wa wanyama, mji mkubwa wenye soko na mitaa na kinyozi wake, na humo alikaa Kindi na mama yake. Kindi alikuwa na tabia moja. Alfajiri, watu hawajaamka, alichana karatasi ya kaki ya sukari, akashika kipande cha mkaa, akaandika, chwa chwa chwa! Kisha mbio, tepu tepu tepu, akakiacha kikaratasi mahali, akarudi nyumbani kimya.

Nungunungu alikuta chake kwenye kioo cha kinyozi: "Miiba yako leo imekaa vizuri." Akatembea kutwa kifua mbele. Chura alikuta chake mlangoni: "Tunakusikia ukiimba. Usiache." Fisi, ambaye hata salamu hapewi, alikuta chake juu ya jiwe lake: "Pole na kazi." Fisi akalia, jamani! Fisi huyu huyu mnayemjua!

Mji mzima ukawa unaulizana, "Nani huyu?" Na Kindi naye, kwa sauti kuliko wote, "Ee, nani huyu?"

Basi kiangazi kikaingia, kikali. Visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu, na bwawa hilo limo ndani ya ua wa Kiboko. Ukienda na ndoo, Kiboko anakuuliza, "Mzigo wangu wa majani mabichi uko wapi?" Huna? Rudi ulikotoka. Na majani mabichi kiangazi kile angeyapata nani? Yeye mwenyewe anajitumbukiza, chubwi!, anaoga mchana kutwa, na mama yake Kindi yuko kwenye jamvi, midomo imepasuka, hata kukaa hawezi. Kindi alimtazama mama yake, moyo ukamuuma. Maji yasipopatikana, mama anakwenda.

Sasa sikieni. Kobe, mwenyekiti wa mtaa, akaitisha mkutano. Akasema, "Ndugu zangu, shida ni nyingi, lakini yuko mtu anatutia moyo kwa vikaratasi. Ajitokeze tumheshimu. Kila penye shughuli mjini, sahani ya kwanza ya pilau itakuwa yake."

Pilau! Kiboko alikuwa anasinzia kule nyuma. Akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Akasimama, du!, vumbi likatimka.

"Ni mimi."

"Wewe, Mzee Kiboko?" Kobe akashangaa. "Kwa vidole hivyo?"

"Kwa vidole hivi hivi! Naapa mbele yenu nyote. Kila kikaratasi katika mji huu, kilichoandikwa na kitakachoandikwa, mwenyewe ni mimi!"

Vigelegele vikapigwa. Kindi naye akapiga, tena kwa nguvu zote. Alipofika nyumbani mama yake akamwambia kwa sauti iliyokauka, "Mwanangu, mtu kakuibia kazi yako, nawe unacheka?"

"Mama, kaitaka kazi mwenyewe. Wacha nimwongezee."

Alfajiri iliyofuata mkaa ulifanya kazi. Chwa chwa chwa! Tepu tepu tepu! Kila mlango ukapata chake: "Jirani, najua una kiu. Njoo kwangu na ndoo, majani usilete. Piga hodi tu, nitakuitikia karibu." Jina hakuweka. Lini aliwahi kuweka?

Na desturi ya mji ule ni kama ya kwetu: karibu ikishatoka mdomoni, mgeni hafukuzwi.

Kiboko alikuwa barazani, kanyoosha miguu. Kobe amemletea sahani yake ya kwanza, pilau inafuka moshi, naye amekaa kando ashuhudie anavyokula.

"Hodi!"

"Nani?"

"Nungunungu, Mzee. Na ndoo."

"Majani yako wapi?"

"Si umeandika nisilete? Kikaratasi chako hiki hapa."

Kiboko akakisoma. Akakitazama kikaratasi, akaitazama pilau. Kobe akamtazama Kiboko.

"Kwani si chako, Mzee?" Kobe akauliza, mkono umeshashika ukingo wa sahani.

"Cha... changu."

"Basi hodi!" akasema Nungunungu.

"Ka... ka... karibu."

"Hodi!" Chura. Karibu. "Hodi!" Twiga na ndoo nne. Karibu. "Hodi!" Fisi na pipa, analisukuma, gudu gudu gudu. Karibu, karibu, na Kiboko jasho linamtoka.

Mwisho kabisa, mtungi mdogo kichwani, akaja Kindi.

"Hodi, Mzee."

Kiboko akainama, akamtazama vidole. Vyeusi tititi.

"Wewe!" akanong'ona. "Mbona vidole vyako vina mkaa?"

"Kwa sababu ni mimi, Mzee," Kindi akamjibu, naye ananong'ona. "Nimwite Kobe tumwambie?"

Kiboko akaitupia jicho pilau yake.

"Karibu," akasema. "Karibu sana."

Mama yake Kindi akanywa. Akanywa tena. Akakaa.

Kesho yake Kiboko akakuta kikaratasi mlangoni kwake, cha kwanza kupata maishani: "Jana mama yangu alikunywa maji. Ahsante wewe uliyefungua mlango." Akakisoma. Akakisoma tena, polepole. Siku hiyo hakungoja hodi, lango aliliacha wazi. Wapo wanaosema alilainika moyo, wapo wanaosema alikuwa ananusa pilau ya jirani. Mimi sikuwepo, msiniulize.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake mtembee nayo, chumvi iliyozidi mnirudishie. Wewe pale kwenye nguzo, nimekuona ukisinzia, masufuria yanakungoja.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msijisumbue kutenda wema. Ngojeni mwingine autende, kisha msimame muape kwamba ni wenu. Mtazameni Kiboko! Hadi leo ana pilau, ana jina, ana heshima mji mzima. Kindi, na kazi yote ile, amepata nini?

Amebaki na mama yake tu.