Nyumbu Aliyeziharakisha Nyasi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Haidhuru, hadithi yenyewe ni ya njaa. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, huko uwandani, wanyama walikuwa na utaratibu wao wa kula. Punda Milia hutangulia. Yeye ana meno ya kazi, hula nyasi ndefu, zile ngumu za juu. Akipita, anakuja Nyumbu, anakula za kati. Nyumbu akipita, anakuja Swala na midomo yake myembamba, anachagua vilivyobaki. Kisha wote wanahamia upande wa pili, nyasi zinapumua. Wakirudi, wanakuta zimeota. Utaratibu huu ulifanya kazi vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeusifu.

Mwaka mmoja ukaja ukungu. Mvua ilinyesha, lakini jua halikuonekana. Asubuhi ukungu, mchana ukungu, jioni ukungu. Nyasi zikachomoza kidogo, zikasimama hapo hapo. Leo hivyo, kesho hivyo.

Swala alikuwa amezaa. Mwanawe bado hajajua kukimbia, na maziwa ya mama yalianza kupungua. Mama hali, mtoto atanyonya nini? Swala aliogopa. Aliogopa sana.

Mkuu wa uwanda alikuwa Nyumbu. Nani alimchagua? Msiniulize mimi. Ana ndevu, ana uso mrefu, akitembea kundi zima liko nyuma yake. Wako waliotawala kwa sifa chache kuliko hizo. Basi Nyumbu akaita mkutano.

"Nyasi zinakua polepole," akasema. "Nataka zikue haraka."

Kundi likaguna, ng'we, ng'we, ng'we. Walikuwa hawajapata kusikia hekima kama hiyo.

Swala akasogea mbele. "Mzee Nyumbu, ardhi ina baridi. Mwanangu nikimlaza chini anatetemeka. Nyasi nazo zinalala hapo hapo. Maji yapo, samadi yetu ipo. Jua likitoka, ardhi ikipata joto, zitakua. Tule kidogo kidogo, tusubiri."

"Tusubiri," Nyumbu akarudia. "Nimekusanya uwanda mzima, halafu nitangaze kwamba tumeamua kusubiri. Hilo hata mawe yanaliweza."

Kundi likacheka. Swala akarudi nyuma.

Ndipo akaja mbele Ngiri. Mnamjua Ngiri, yule mwenye meno yaliyopinda nje ya mdomo. Kazi yake ni kufukua mizizi na kuila. Alipopita Ngiri hapaoti kitu. Sasa niambieni, katika wanyama wote wale, nani mwingine angefaa kutoa ushauri wa kuotesha nyasi?

"Mheshimiwa," akasema Ngiri, "mimi nyasi nazijua mpaka chini yake." Hapo hakusema uongo. "Kila kitu chenye uhai kina kichwa, na kichwa kiko juu. Cha kwako kiko juu, tena juu sana. Kichwa cha nyasi ni ile ncha. Na sisi kila siku tunafanya nini? Tunaikata. Nani atakua akiwa anakatwa kichwa kila siku?"

Nyumbu akatikisa ndevu. Hilo lilikuwa neno la kutangaza.

"Basi tule wapi?" akauliza Punda Milia.

"Chini," akasema Ngiri. "Pigeni magoti, mng'ate pale jani linapotokea udongoni. Ncha msiiguse."

"Nikiling'ata chini, ncha si itaanguka?"

Punda Milia hakuwa mwerevu, lakini alikuwa na njaa, na njaa huuliza maswali mazuri.

"Itachomekwa tena ardhini," akasema Ngiri. "Kwa heshima."

Amri ikatoka. Wanyama wakapiga magoti, pu, pu, pu, Ngiri mwenyewe akiwa mstari wa mbele kuwaonyesha mfano. Wakang'ata chini, kwacha, kwacha. Ncha wakazichomeka udongoni, moja moja. Kufika jioni uwanda wote ulikuwa umesimama kijani. Nyumbu alitazama, machozi yakamlengalenga kwa ukubwa wa kazi yake.

Kesho yake zile ncha zilikuwa manjano.

"Ni rangi ya kupevuka," akasema Ngiri.

Siku iliyofuata zilikuwa kahawia.

"Zinajikusanya kabla ya kuinuka," akasema Ngiri.

Siku iliyofuata upepo ukazipeperusha, fyuuu. Ngiri akasema zimekwenda kutafuta mwanga. Kundi likaguna, ng'we. Na wewe Mwanahawa usicheke, ungekuwepo na wewe ungeguna.

Swala yeye hakupiga magoti. Mama aliyepiga magoti hamwoni Duma akija. Alipanda kichuguuni na mwanawe, akala amesimama, macho huku na huku. Akakata juu tu, kidogo hapa, kidogo pale, akaacha chini. Ngiri akamwona, akaenda mbio kusema.

"Swala," akaita Nyumbu, "umekula ncha?"

"Nimekula."

"Amri hukuisikia?"

"Niliisikia, Mzee. Nikipiga magoti simwoni Duma, na nina mtoto."

"Kila mtu ana mtoto," akasema Nyumbu, ambaye watoto wake hulala katikati ya kundi. "Basi kaa huko huko kichuguuni. Hizo nyasi unazozikata vichwa ndizo chakula chako. Zikiisha, usishuke kwetu."

Swala akabaki peke yake. Kichuguu chenyewe kidogo. Akila upande huu, anazunguka upande ule. Mtoto anagonga kiwele kwa pua, tu, tu, tu, yanatoka matone. Swala alilia. Kama nyasi zile hazitaota tena, mtoto yule hataishi, na alijua hivyo.

Halafu jua likatoka.

Halikutoka kwa amri ya mtu. Lilitoka tu, ukungu ukapasuka, ardhi ikaanza kupata joto. Maji yalikuwapo. Samadi ilikuwapo, tena tele, maana kundi halikuhama. Uwanda ulikuwa na kila kitu ambacho nyasi inakitaka. Kilichokosekana ni nyasi. Palikuwa pamebaki udongo mtupu na alama za magoti.

Kichuguu ndicho kilichopigwa na jua la kwanza. Swala akatazama jani alilokuwa amelikata. Asubuhi lilikuwa halijafika urefu wa kwato. Jioni limepita kwato. Kesho yake liko karibu na goti. Na juu kabisa bado lilikuwa butu, na alama ya meno yake ipo pale pale. Hakuna kilichoota juu ya mkato. Mkato wenyewe ndio uliopanda.

Kundi likaona kijani. Likaja, mbavu nje, Nyumbu mbele.

"Mmeona," akasema Nyumbu. "Ncha zangu zimeshika. Nilisema. Pigeni magoti, tule."

Ng'we, ng'we, ng'we.

Swala akasimama mbele yao na mwanawe nyuma yake. "Mzee Nyumbu, kabla hamjala, naomba unionyeshe ncha moja tu."

Nyumbu akainamisha ule uso mrefu. Akatazama jani la kwanza, butu. La pili, butu. Akazunguka kichuguu kizima, akarudi alipoanzia.

"Hazina ncha," akasema.

"Na zimekua?"

"Zimekua."

"Basi hicho kichwa chake kiko wapi?"

Nyumbu akamtazama Ngiri. Ngiri akatazama mawingu. Punda Milia ndiye aliyeingiza pua chini, akayafunua majani. Huko chini aliona jani likitokea jipya, jeupe, laini, linasukuma lile la zamani kwenda juu.

"Kiko huku," akasema. "Nyasi kichwa chake kiko chini. Ndicho tulichokuwa tunakila siku zote hizi."

Kisha akajitazama magoti, yamechubuka yote, kwa kazi ya kumaliza chakula chake mwenyewe. Akasimama. Akakata mara moja juu juu, akapita. Kundi la Nyumbu likala kidogo cha kati, likapita. Kilichobaki akakichagua Swala, kama zamani, shina akaliacha. Jioni ile mtoto alinyonya mpaka povu likamtoka puani, akalala.

Nyumbu aliomba radhi? Mnaota. Alisema amekumbuka ana ziara katika uwanda wa pili. Akaondoka na kundi lake lote, na mpaka leo yuko ziarani. Kila mwaka anazunguka, uwanda hadi uwanda, na ule uso haujapata kufupika.

Sasa funzo. Naona mdomo wako, Mwanahawa, unataka kusema haraka haraka haina baraka. Kila mtu anaijua hiyo, hata Nyumbu aliijua. Funzo ni hili: kinachokua kina joto lake, maji yake na wakati wake, na huwezi kukiharakisha kwa kukila pale kinapotokea. Kama huwezi kukisaidia, basi angalau kiachie shina.

Na Ngiri? Wenzake wote waliposimama, yeye hakusimama. Kusimama ni kukiri. Mpaka leo ukimwona anakula, amepiga magoti.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami namwacha huko magotini. Atakayekutana naye amwambie amri ilishafutwa.